Mwenzenu akipotea msikitini au kanisani mnamfanyaje? Tupeane uzoefu

Mkaazi wa Mkomani: Assalam aleikum. Mtaani kwetu kuna kijana haonekani msikitini tangu Ramadhani iishe. Barazani kila baada ya alasiri anasemwa yeye, na kuna anayetaka imamu amtaje kwenye hotuba ya Ijumaa. Roho inaniuma. Kwenu mnafanyaje?

Binti Langoni: Asitajwe kabisa! Umenikumbusha baba. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza, alfajiri haimpiti. Baada ya kupasuliwa tezi dume, mkojo ukawa haushikiki. Akaacha kwenda, na sababu hakumwambia mtu. Wenziwe wakaanza: mara kanuna kwa kunyimwa kuadhini, mara mambo ya mirathi. Siku moja mmoja wao alisimama chini ya dirisha letu akasema kwa sauti, "Huyu hata akifa tumswalie wa nini?" Baba alikuwa ndani anajifulia kikoi kwenye karai, hataki mama akione. Hakujibu. Akaendelea kufikicha. Nililia mimi.

Aliyemtoa ni maalim wa madrasa. Alikuja akaomba kahawa, habari za msikiti hakugusa, mpaka baba mwenyewe akafunguka. Akamweleza kuwa mwenye udhuru ule hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu wakati ukishaingia na kuswali bila kukawia. Mkojo ukimtoka katikati ya swala, swala yake inasihi. Ijumaa ile baba alikwenda, akakaa karibu na mlango.

Abu Kusi: Pole dada. Ila tusilegeze kamba. Hadithi iko wazi, mwenye kuacha Ijumaa tatu kwa kupuuza hupigwa muhuri moyoni.

Nahodha: "Kwa kupuuza", ami. Sisi wavuvi huwa safarini kisiwani Kiwayu Ijumaa ikitupita, na msafiri haimlazimu.

Abu Kusi: Nani kataja wavuvi? Mwapenda kutafuta mlango wa nyuma.

Mama Malindi: Mimi Mkristo. Kwetu jumuiya ndogo ndogo husali nyumba kwa nyumba. Nilipokuwa nauguza mtoto, ujumbe wa kwanza niliopata ulikuwa wa mchango. Wa pili pia. Muuza mahamri wa jirani ndiye aliyekuja kunioshea vyombo.

Binti Langoni: Mungu ambariki mama huyo.

Mwalimu mstaafu: Mtume (s.a.w.) alipomkosa mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti, aliuliza habari zake. Akaambiwa amekufa, nao hawakumwarifu. Akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia. Kamuulize kijana, lakini usiende na kundi, atakufungia mlango.

Mpwani: Mwacheni. Maulidi ikifika, matwari yakilia pale msikiti wa Riyadha, atatoka mwenyewe!

Dada wa Shela: Asiachwe! Ndugu yangu aliachwa hivyo hivyo, "atarudi, atarudi". Kumbe alishaingia kwenye unga, dawa za kulevya. Tulijua siku alipouza cherehani ya mama.

Mkaazi wa Mkomani: Inna lillahi. Naenda leo baada ya isha, peke yangu.

Abu Kusi: Nenda. Lakini la swala umuulize pia, usirudi na habari za kahawa tu.