ADV7180 kwenye i.MX6: kamera ni PAL lakini draiva inaripoti 720x480, nifanyeje?

Lehemu_Mbeya

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada, leo siku ya nne nakesha na hii kitu.

Nina bodi ya i.MX6 (prosesa ya NXP), kerneli ya Linux ni ile ya kawaida sio ya mtengenezaji wa bodi, na juu yake kuna chipu ya ADV7180 ya kupokea video ya analogi. Mradi ni wa kurekodi kamera ya nyuma ya lori, hizi zinazoenda Tunduma. Kamera nimeichukua Kariakoo, ile ya waya wa njano, kwenye boksi imeandikwa PAL na nikiichomeka kwenye TV picha inakuja safi kabisa.

Shida ni hii, nikiuliza draiva (programu ya kerneli inayoendesha chipu) naambiwa hivi:

```
$ v4l2-ctl -d /dev/video0 --get-fmt-video
Width/Height   : 720/480
Pixel Format   : 'UYVY'
Bytes per Line : 1440
Size Image     : 691200
```

480 tena wapi wakati PAL ni 576? Na picha yenyewe inakatika kwa chini halafu inapanda juu polepole haitulii. Nikajaribu kulazimisha kwa `--set-fmt-video=width=720,height=576`, haikunipa kosa lolote, nikafurahi, nikisoma tena imerudi 480 ile ile. Nikaenda kwa `media-ctl -V` nikaweka 576 kwenye padi (milango ya kuingilia na kutokea video) za `ipu1_csi0_mux` na `ipu1_csi0`, zile sehemu za i.MX6 zinazopokea video kutoka kwenye chipu, hapo nikianza striimu napata `VIDIOC_STREAMON: Broken pipe` basi.

Sasa nimefungua `adv7180.c` nimeona sehemu inayoandika urefu wa picha, nataka niifute niweke 576 moja kwa moja nikompaili upya. Je ni sawa au naharibu? Mteja anataka kuona kazi Jumatatu.

---

nyali_dev

Pole sana ndugu. Mimi nilikuwa na shida kama hii, kerneli ilikuwa inanipa saizi ya uongo, nikafanya `v4l2-ctl --query-dv-timings` halafu `--set-dv-bt-timings query` ikakaa sawa palepale. Jaribu hiyo kwanza kabla hujagusa kodi.

---

rejista_0x10

@nyali_dev hiyo wewe ulikuwa na HDMI bila shaka, chipu ya TC358743 au mwenzake. HDMI inatumia dv-timings, yaani vipimo vya muda vya video ya dijitali. Video ya analogi haina hizo, yenyewe inaenda kwa standadi, yaani PAL, NTSC, SECAM, kwa hiyo ADV7180 ukiiuliza dv-timings itakujibu haijui. Kamandi ni tofauti lakini wazo lako ni lile lile, kwanza ugundue kinachoingia halafu ndo uweke.

@Lehemu_Mbeya mkuu usifute hiyo mstari, tafadhali. Ngoja nikueleze maana hapa ndo watu wengi wanapotea siku nzima.

Unapoita G_FMT, yaani kuuliza fomati kama ulivyofanya, draiva haiendi kuangalia kamera. Inakusomea kile ilichokiandika kwenye kumbukumbu yake tu. Ukiangalia hapo hapo ulipofungua utaona urefu unatokana na `curr_norm`, kama ni familia ya mistari 525 inakupa 480, vinginevyo 576. Na `curr_norm` wakati draiva inaamka inawekwa NTSC. Ndo difolti. Hakuna aliyeibadilisha kwako, kwa hiyo draiva inaamini kabisa kwamba iko Marekani, wakati kamera yako inatuma PAL ya kwetu huku, mistari 625 kwa fremu, 576 ya picha. CSI, ile sehemu ya i.MX6 inayopokea video, nayo imepangwa kungoja NTSC, lazima picha ipande na ikatike.

Kwa nini set-fmt haikulia? Kwa sababu V4L2, mfumo wa video wa Linux, ndivyo ulivyo, ukiomba saizi isiyowezekana draiva inairekebisha iwe ile iliyo karibu inayowezekana na kukurudishia, haikukatalii. Ndo maana kila ukiweka lazima usome jibu, kutokuona kosa sio kwamba umekubaliwa. Ile Broken pipe nayo ni kitu hicho hicho kwa upande mwingine: pale STREAMON, yaani unapowasha striimu, kerneli inapita kila kiungo cha njia inalinganisha padi mbili zinazoshikana, ya ADV7180 inasema hivi, ya mux inasema vile, hazifanani, inarudisha EPIPE, ndo hiyo Broken pipe. Waya wako hauna tatizo lolote.

Fanya hivi, striimu ikiwa IMEZIMWA maana ikiwa inatembea utapata EBUSY, yaani kifaa kinatumika:

```
v4l2-ctl -d /dev/v4l-subdevX --get-detected-standard
```

X tafuta kwenye `media-ctl -p`, ni ile ya adv7180. Hii ndo inayouliza chipu kweli, inaiweka chipu kwenye hali ya kujitambulia yenyewe, inasubiri kama milisekunde 100, halafu inasoma. Na kama bado huamini soma rejista (sehemu ndani ya chipu inayohifadhi namba) mwenyewe:

```
i2cget -f -y 2 0x21 0x10
```

Badilisha namba ya basi iwe ya kwako, na anwani kwenye bodi nyingine ni 0x20, inategemea pini moja ya chipu imefungwa wapi. Rejista 0x10 ndo hali ya chipu. Biti ya mwisho kabisa ikiwa 1 maana yake imeshika ishara. Biti za 4 hadi 6 ndo standadi iliyotambuliwa: 0x00 ni NTSC, 0x40 ni PAL B/G, 0x50 SECAM. Angalia sana hapo, kama haijashika ishara hiyo sehemu ya standadi usiiamini, na sifuri inafanana na NTSC.

Lete majibu pamoja na `media-ctl -p` yote.

---

kisima_lab

Naongeza kitu kimoja kabla hajaenda mbali. Kaka hakikisha hiyo kamera haiko kwenye AHD, ile video ya analogi ya ubora wa juu. Hapa Nairobi ukienda Luthuli hizi kamera ndogo nyingi wanauza zikiwa AHD na boksi limeandikwa PAL vilevile, kwa sababu hata AHD ina fremu 25 za PAL na 30 za NTSC. ADV7180 haisomi AHD kabisa. Nyingine zina kijiti kidogo kwenye kebo unakisukuma upande mmoja kwa sekunde kadhaa inageuka CVBS, ile video ya kawaida ya waya wa njano, nyingine zina kitanzi cha waya unakata. Nimeshaona mtu anabadilisha chipu mbili za bure kwa ajili hiyo, iliniuma sana maana pesa ilikuwa ya mwanafunzi.

---

Lehemu_Mbeya

Asanteni sana wakuu. Dada kisima_lab TV niliyojaribia ni ile ya zamani ya kichogo, haiwezi AHD, kwa hiyo nadhani CVBS ipo. Majibu:

```
$ v4l2-ctl -d /dev/v4l-subdev4 --get-detected-standard
  (PAL)
$ i2cget -f -y 2 0x21 0x10
0x4d
```

4 mbele, na mwisho d ni 1101 kwa hiyo biti ya mwisho ni 1, imeshika. Yaani chipu ilikuwa inajua siku zote nne!

Nikafanya `v4l2-ctl -d /dev/v4l-subdev4 --set-standard=pal`. Ila sasa nimechanganyikiwa zaidi, kwenye `media-ctl -p` padi ya adv7180 kabla ilikuwa 720x240 na sasa imekuwa:

```
[fmt:UYVY8_2X8/720x288 field:alternate colorspace:smpte170m]
```

288?? Hii si nusu? Nikipeleka hivi picha si itakuwa bapa?

---

rejista_0x10

Umefika mahali pazuri, hiyo 288 ndo sahihi.

Video ya analogi haiji fremu nzima. Inakuja nusu nusu, kwanza mistari ya namba shufwa au witiri halafu ile iliyobaki, 50 kwa sekunde kwa PAL. Hiyo nusu ndo inaitwa fildi. `alternate` maana yake draiva inasema "kila ninachotuma ni fildi moja, zinapishana", na urefu inaoripoti ni wa fildi moja sio wa fremu. 288 mara 2 ni 576. Zamani zile za NTSC ulikuwa na 240 mara 2 ni 480, ndo ile uliyoiona kwenye video0, CSI ilikuwa imeshaziunganisha. Mtu akisoma urefu bila kusoma `field` pembeni yake anasoma nusu ya taarifa. Kwa hiyo ukiandika programu yako isome vyote viwili, nakuomba.

Sasa peleka fomati kuanzia kwenye chipu kuja chini, usianzie katikati kama ulivyofanya mwanzo:

```
media-ctl -V "'adv7180 2-0021':0 [fmt:UYVY2X8/720x288 field:alternate]"
media-ctl -V "'ipu1_csi0_mux':2 [fmt:UYVY2X8/720x288 field:alternate]"
media-ctl -V "'ipu1_csi0':2 [fmt:AYUV32/720x576]"
v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-fmt-video=field=interlaced_tb
```

media-ctl ukiweka padi ya kutolea inaisukuma mwenyewe hadi padi ya kupokelea ya mwenzake kama kiungo kimewashwa, ndo maana sijaandika zote. Padi ya 2 ya CSI ndo inatoka ikiwa fremu nzima 576. Halafu hiyo `tb` mwishoni, PAL fildi ya juu inatangulia, NTSC ya chini inatangulia kwa hiyo kule ingekuwa `bt`. Ukikosea hapo picha iliyotulia itaonekana sawa tu, lakini kitu kikitembea kinatetemeka mbele nyuma, na lori linarudi nyuma muda wote kwa hiyo utaliona haraka.

Halafu `--set-standard` iende KABLA ya media-ctl. Ukigeuza standadi baadaye urefu wa padi ya chipu unabadilika peke yake, zile za chini zinabaki na namba za zamani, unarudi kwenye Broken pipe.

---

nyali_dev

Kumbe, nimejifunza mie pia. Mkuu rejista swali, si angeweka tu ile fildi moja ya 288 akaivuta iwe 576? Mimi kwenye mradi wa geti nilifanya hivyo.

---

rejista_0x10

Inawezekana na kwa geti inatosha. Ila kwa lori unapoteza nusu ya mistari, na huenda yeye atataka kusoma namba za gari lililo nyuma. Akiunganisha fildi mbili anapata mistari yote ila kitu kinachokimbia kinakuwa na meno kama kitana pembeni, kwa sababu fildi ya pili imechukuliwa moja ya hamsini ya sekunde baadaye. i.MX6 ina dawa yake ndani, `ipu1_vdic`, inaondoa hayo meno kwa kuangalia mwendo, na ina ngazi tatu, chini, kati na juu. Badala ya kutoka CSI kwenda moja kwa moja kwenye video unaipitisha VDIC. Mimi ningempa mteja kwanza hii rahisi Jumatatu halafu VDIC baadaye kwa utulivu.

---

Lehemu_Mbeya

WAKUU IMEKUBALI. 720/576, Interlaced Top-Bottom, Size Image 829440, nimepiga hesabu 720 x 576 x 2 inakuja hiyo hiyo kabisa. Picha imetulia, naona hadi kutu kwenye bampa ya lori la jirani. Nimeandika skripti, ikiwaka inauliza standadi kwanza kwa `--get-detected-standard`, ikipata PAL au NTSC inaweka, halafu inahesabu 288 au 240 yenyewe na tb au bt, maana fundi huko barabarani anaweza kubadilisha kamera akaweka ya NTSC bila kuniambia.

Kimebaki kitu kimoja. Dereva akizima injini na kuwasha, kamera inakata umeme sekunde moja inarudi, na mara nyingine ikirudi picha inaanza kupanda tena vilevile kama mwanzo. Nikisoma fomati bado ni 576 na standadi inasema PAL. Sasa hii tena inatoka wapi?

---

rejista_0x10

Hiyo sio fomati tena, hapo draiva inaripoti sahihi. Hizi chipu za familia ya ADV718x zinapotafuta upya ishara zinaweza kutoa fildi mbovu, yenye mistari pungufu au iliyozidi. IPU, kichakata picha cha i.MX6, ikiona hivyo inajaribu kurekebisha kwa kuongeza mstari mmoja wa uongo kila fremu, ndo unaona picha inapanda, na inaweza kuchukua muda mrefu kutulia au isitulie kabisa ikabaki imekatika katikati. Imeandikwa kwenye maelezo ya draiva ya imx ndani ya kerneli.

Dawa ni kuzima striimu na kuiwasha tena, STREAMOFF halafu STREAMON. Draiva ya imx inaweza kupima muda kati ya fremu na muda huo usipokuwa sawa inatuma tukio la `V4L2_EVENT_IMX_FRAME_INTERVAL_ERROR`, washa huo upimaji kwenye kontroli zake, programu yako ijiandikishe, ikilipata iwashe upya. Na waya wa interapti wa ADV7180, ule wa kuiarifu prosesa, ukiwa umeunganishwa kwenye bodi yako utapata pia `V4L2_EVENT_SOURCE_CHANGE` standadi ikibadilika, ukilipata hilo zima striimu, rudia skripti yako yote kuanzia standadi, maana tukio linakuambia kuna kilichobadilika ila `curr_norm` haijigeuzi yenyewe.

---

Lehemu_Mbeya

Waya wa interapti upo, nimeuona kwenye mchoro wa bodi, ila kwenye devicetree, faili linaloielezea kerneli vifaa vya bodi, hawakuuandika. Naongeza usiku huu kisha naleta majibu hapa hapa.