Kidebe cha mahindi juu ya boneti yangu, na mama mkwe anaangalia!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na leo si kwa sababu ya injini.

Mnamjua. Tanga nzima mnamjua, yule wa barza ya kahawa huku Ngamiani, mwenye ka-IST keupe anakokaosha mara tano kwa siku utadhani kanakwenda msikitini. Simtaji.

Leo baada ya alasiri nimemchukua mama mkwe standi ya Kange, nikasimama pale barzani ninunue kashata. Prado yangu ya dizeli sijaizima, tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, inatakiwa ipoe kidogo, hata mtoto wa fundi anajua. Jamaa kanyanyuka kwenye benchi, kaingia duka la jirani, katoka na kidebe cha mahindi. Kakiweka JUU YA BONETI. Kagonga kioo cha upande wa mama mkwe: "Shikamoo mama. Kilo mnasaga shilingi ngapi?"

Barza nzima chini. Muuza kahawa kamwaga birika. Na mama mkwe, wallahi, mama mkwe KACHEKA.

Haya, dizeli inanguruma. Haina plagi za cheche, inaibana hewa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta yenyewe, sasa mlitaka igune kama paka? Asubuhi inatikisa mpaka meno ya bandia, nakubali. Lakini twendeni Lushoto. Pale Mombo unapoanza kupanda kwenda Soni, mimi injini iko mizunguko elfu mbili kwa dakika, nagusa mafuta kwa kidole gumba, gari linanyanyuka lenyewe. Yeye na petroli yake alipanda na watu wanne, kakanyaga mpaka kwenye bati, kagari kanalia elfu tano kama mbu ndani ya chandarua, abiria wakazima AC wenyewe kwa huruma.

Lakini kidebe! Juu ya boneti! Kilo shilingi ngapi!

Kijana wa Mabawa: Mkuu, sasa bei ulimtajia?

Binti Raskazoni: Lushoto mimi napanda na petroli kila mwezi. Gari tulivu, pua nyepesi kwenye kona, ukikanyaga inaitika hapo hapo. Hiyo yako ukikanyaga inafikiri kwanza, inamuuliza tabo, tabo anaomba ruhusa. Ukija kuamua kulipita lori, lori limeshafika Segera.

Mwenye uzi: Nimesema inavuta, sikusema inakimbia. Na hayo yanahusu nini KIDEBE? Mbele ya mama mkwe!

Fundi Nozeli: Kaka, mlio wa mashine ya kusaga mara nyingi ni nozeli, zile za kupulizia mafuta kwenye injini. Na kama kiti kinatikisika hivyo, kagua mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Huyo jamaa kakupimia gari bure.

Kijana wa Mabawa: 😂😂😂 Kapimiwa kwa kidebe

Mzee wa Pongwe: Nyie mna raha. Mimi kijana wa kituo cha mafuta kaijaza petroli Hilux yangu ya dizeli, full tank. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli ikaikausha, ikafa. Namfuata, ananiambia, "Mzee, si yote mafuta?"

Mwenye uzi: Pole mzee, lakini wewe hukuwekewa mahindi.

Asiyelala: Afadhali pampu. Shemeji yangu aliazima gari Ijumaa "nusu saa". Kairudisha Jumatatu, taa ya mafuta inawaka, siti ya nyuma imejaa magamba ya ng'onda. Nimepulizia marashi, sasa linanuka ng'onda aliyeolewa.

Binti Raskazoni: Ng'onda kawapata wapi? Mimi sokoni natoka mikono mitupu.

Kijana wa Mabawa: Nenda Deep Sea mapema.

Mwenye uzi: Jamani, boneti yangu.

Mzee wa Pongwe: Deep Sea wapo, ila usinunue wale laini, hawajakauka.

Binti Raskazoni: Shukrani mzee. Kilo shilingi ngapi?