Uliajiriwa ukiwa na ulemavu: ulipewa kazi au ulipewa kiti? Tupeane uzoefu

Mleta Mada
Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu anatumia kiti mwendo, kasomea uhasibu, na baada ya kuhangaika sana kapata ajira. Nyumbani tulishangilia. Sasa anasema hataki kurudi. Mshahara unaingia vizuri, ila hana anachofanya. Wamemweka mapokezi, meza haina hata kompyuta, wageni wazito wakija anaitwa kupigwa nao picha. Akiomba apewe vitabu vya hesabu anajibiwa "wewe pumzika tu". Mliopitia haya mlitokaje?

Kidole Juu
Yamenikuta. Nafuatilia uzi huu kwa karibu.

Sauti Nzito
Mimi sioni kabisa. Kwenye usaili walimuuliza mpwa wangu aliyekuwa kanishika mkono, "Anaweza kuandika?" Kijana akawajibu, "Muulizeni mwenyewe, masikio anayo." Kazi nikapata, huduma kwa wateja. Simu hazikunipa shida. Shida ilikuwa programu ya kuingizia malalamiko: aliyeitengeneza hakuvipa vitufe majina, kwa hiyo kisoma skrini changu kinanisomea "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka mwisho wa ukurasa. Kipi ni cha kuhifadhi, kipi ni cha kufuta, kazi kwangu. Mkubwa akahitimisha kwamba wasioona hawaiwezi kazi ile. Fundi alipokuja kuviwekea majina alimaliza kabla ya jioni. Na mkiambiwa vifaa ni ghali, ulizeni kifaa gani. NVDA, hicho kisoma skrini ninachotumia, ni ya bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona kama mimi.

Meneja Mstaafu
Na sisi tuliokuwa waajiri mtusikilize. Ukimpa kazi akaharibu, ukimkaripia unaonekana mnyanyasaji. Ndiyo maana wengine wanaona heri wamlipe akae.

Kidole Juu
Mzee, umekiri mbele ya halaiki 😂

Meneja Mstaafu
Nimesema wengine.

Kimya Kikuu
Ngoja niseme yangu. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, nafanya kazi ghalani kwenye kiwanda kimoja. Kazi naijua, hata wapya nilikuwa nawaelekeza kwa ishara na tunaelewana. Siku hiyo niko nyuma ya rafu za mwisho nabandika lebo. Nikainua kichwa, naona mkanda wa mizigo unazunguka wenyewe, maboksi yanadondoka mwishoni na hakuna wa kuyapokea. Nikajua wameitwa kikao. Vikao huwa siitwi, naletewa muhtasari wa maneno matatu baadaye. Nikaenda kuuzima mkanda. Ndipo nikaona moshi unatambaa darini kutoka chumba cha umeme.

Mlango wa karibu umefungwa kwa nje. Nikapiga kelele, sijui zilitoka vipi. Nikajiziba pua kwa shati, nikakimbilia upande wa pili, nikatokea uwanjani. Wote wamejipanga huko, wananitazama kama wameona mzuka. King'ora kilikuwa kimelia muda wote huo.

Moto wenyewe ulizimwa upesi, hakuumia mtu. Kilichonimaliza ni karatasi. Msimamizi alikuwa ameshahesabu watu na mbele ya jina langu ameweka tiki. Nikamwandikia: ulimwona nani? Akaniandikia: nilijua umo humo humo na wenzako.

Mama Wawili
Mwanangu, pole sana. Mwili umenisisimka.

Kidole Juu
Huyo msimamizi bado yupo kazini??

Mbishi wa Kata
Kiwanda gani kinafunga mlango wa dharura kwa nje? Naona chai hapa.

Kimya Kikuu
Fanya kazi ghalani kwanza ndipo uniulize. Wanafunga kwa kuogopa wizi. Na ndiyo, bado yupo, na mimi nipo. Mkaguzi wa usalama alipopita walifunga taa za kumulika kila kona, nikapewa na kifaa cha kuvaa kiunoni kinachotetema king'ora kikilia. Kila zamu pana mtu aliyeandikwa kwa jina kwamba lazima anione kwa macho kabla hajatoka. Hilo la mwisho halikugharimu hata senti.

Mbishi wa Kata
Sawa, nimefuta usemi. Lakini mlango…

Mama Wawili
Mwacheni mtoto wa watu.

Msomi wa Sheria
Turudi kwenye mada. Dawa ni sheria yenye meno. Ujerumani mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 anatakiwa asilimia 5 ya nafasi azijaze na watu wenye ulemavu mkubwa, akishindwa analipa. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 27, unataja kazi ambayo mtu ameichagua au ameikubali kwa hiari yake.

Kidole Juu
Ibara haipandi ngazi, mkuu.

Meneja Mstaafu
Asilimia hizo ndizo zinazozaa yaliyompata mdogo wake mleta mada. Mtu anatafuta idadi, akishaipata basi.

Msomi wa Sheria
Bila idadi hata hayo mapokezi angeyaona kwenye picha.

Mama Wawili
Mngebishana taratibu. Kijana wangu ana ulemavu wa akili. Miaka nenda rudi alikuwa kwenye karakana maalumu "akiandaliwa" kwa ajira, na haikufika siku ya kuambiwa yuko tayari. Tukapata watu wa utaratibu mwingine: kwanza unamtafutia mtu kazi ya kweli, kisha anafundishwa hapo hapo kazini. Akawekwa masjala ya hospitali kupanga mafaili, maana namba anazipenda mno. Kocha wake wa kazi aliivunja kazi vipande vidogo, kila kipande na picha yake. Mwanzo alikaa naye bega kwa bega, baadaye akahamia pembeni, baadaye akawa anapita mara moja moja. Siku moja mwanangu akaugua. Simu ikaja asubuhi ile ile: leo mafaili hayapatikani, yuko wapi? Nililia, lakini si kwa huzuni.

Sauti Nzito
Mama, hapo ndipo penyewe. Mleta mada, mwambie mdogo wako aache kuomba "kazi" kwa ujumla. Aombe kitu kimoja chenye jina, mfano ulinganishaji wa taarifa za benki kila mwisho wa mwezi.

Mbishi wa Kata
Asiombe. Aanze tu kuifanya, waje wamnyang'anye.

Meneja Mstaafu
Akigusa hesabu bila ruhusa atafukuzwa, tena kihalali. Aandike barua.

Kidole Juu
Akae kwanza, akamilishe kipindi cha majaribio, huku anatafuta kwingine. Mshahara ni mshahara.

Mleta Mada
Nimesoma yote, nimemtumia. Swali lingine: kwenye maombi mapya ataje ulemavu au anyamaze?

Msomi wa Sheria
Ataje.

Mbishi wa Kata
Anyamaze! Akitaja barua haifiki popote.

Sauti Nzito
Mimi nataja nikishaitwa usaili, ili mtihani waulete kwenye kompyuta.

Kimya Kikuu
Mimi nisipotaja wananipigia simu ya kuniita usaili. Inaita mpaka inakata, halafu wanaandika hakuonyesha nia.