Picha za makumbusho ya Ulaya na Marekani: naweza kuzichapa kwenye mikoba ya kuuza?

binti_kibokoni aliandika:

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nashona mikoba ya amerikani hapa Mombasa, nauza kwa wageni wanaopita Mji wa Kale na kwa wateja wa Instagram. Mashua na minazi nimechoka nayo, kila kibanda kinayo hiyo hiyo.

Juzi usiku nilikuwa napekua tovuti ya Rijksmuseum ya Amsterdam nikakutana na twiga wa rangi ya maji. Ni mchoro wa mkusanyo wa Robert Jacob Gordon, mwanajeshi aliyetumikia Waholanzi na kusafiri kusini mwa Afrika miaka ya 1770 na 1780. Nimempenda kupita kiasi, namuona kabisa kwenye mkoba, shingo inapanda hadi kwenye mshikio. Kitufe cha kupakua kipo, na hela hawakuniomba.

Anayenichapia amegoma. Anasema picha ya makumbusho ya Wazungu itamletea kesi. Je, ni bure kweli hata kama nauza? Na picha za Dar es Salaam ya wakati wa Mjerumani, pamoja na leso niliyoiona kwenye tovuti ya British Museum, ziko chini ya utaratibu huo huo?

kijana_mtwapa alijibu:

Dada, nani atafunga safari kutoka Amsterdam kuja kukutafuta Kibokoni? Chapa uuze. Kitu kikishaingia mtandaoni ni cha wote.

chapakazi_dar alijibu:

Kijana, usimponze dada wa watu. Mimi nina karakana ya chapa Kariakoo, na wanaokuja na picha "ya mtandaoni" nawajua.

Binti, twiga wako mchape na ulale usingizi. Gordon alifariki mwaka 1795. Kwenu Kenya hakimiliki hudumu uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake, Ulaya ni miaka 70. Mchoro huo ni wa umma zamani sana. Mtego huwa si mchoro, ni ile picha ambayo makumbusho yenyewe yameupiga. Wengi walikuwa wanakwambia: mchoro ni wa dunia, lakini picha ni yetu, lipia. Rijksmuseum hilo waliliacha. Walipofungua Rijksstudio mwaka 2012 walianza na picha 125,000, wakasema wazi watu wachukue, wakate, wabadili, wauze. Na hapa pana kisa kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Wana mchoro wa Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa. Nakala zake mbovu, za njano kama zimechovywa kwenye manjano, zilikuwa zimezagaa mtandaoni kiasi kwamba wageni wakiona postikadi yenye rangi sahihi dukani hapo hapo kwenye makumbusho, hawaamini. Wakaona dawa ni kumwaga nakala nzuri bure. Mtu wa chapa hapo ananielewa.

Wengine walifuata. Metropolitan ya New York waliachia picha 375,000 Februari 2017, na Smithsonian wakaachia zaidi ya milioni 2.8 Februari 2020. Alama ya kutafuta ni CC0, mojawapo ya alama za Creative Commons zinazosema kazi itumiwe vipi: maana yake fanya utakacho, huombi, hulipi, hata jina lao si lazima ulitaje (mimi ningelitaja, mteja hupenda hadithi kwenye lebo). Lakini usitazame jina la jumba ukaridhika. Fungua ukurasa wa kitu chenyewe. Jumba moja linaweza kuwa na twiga wa CC0 na pembeni yake picha ya msanii aliye hai ambayo huruhusiwi kuigusa.

British Museum ni habari nyingine. Picha zao nyingi zina CC BY-NC-SA, na hiyo NC ni marufuku ya biashara. Kwa ukuta wa chumbani kwako sawa, kwa mkoba wa kuuza hapana mpaka ununue kibali. Tena leso ina mwenyewe. Itazame chini ya jina, yale maneno ya leso: nyingi za Mombasa zimechapwa alama ya mwenyewe, K.H.E. na "Mali ya Abdulla". Leso ya juzi juzi usinakili mji wala pindo, hata ukiipiga picha mwenyewe kwenye kamba ya kuanikia.

Za Mjerumani: hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliipa Wikimedia Commons, ghala la picha la Wikipedia, karibu picha 100,000 Desemba 2008. Humo zimo za Walther Dobbertin aliyekuwa mpiga picha Dar es Salaam, namba zake zinaanza na Bild 105-DOA. Leseni ni CC BY-SA. Kuuza unaruhusiwa, lakini lazima uandike jina la mpiga picha, la hifadhi, namba na leseni. Na ukiibadili picha, kazi yako nayo unaiachia kwa leseni hiyo hiyo. Yaani jirani yako wa kibanda cha pili anaweza kuchukua ubunifu wako akauchapa, na huna la kumwambia. Wengi hapa ndipo wanaporudisha picha walikoitoa.

La mwisho, tafadhali, usiniletee picha ya Pinterest. Kwa chapa ya upana wa sentimita 28, isipungue pikseli 2,200. Ikifika 3,300 ndiyo raha.

mama_bremen alijibu:

Asante chapakazi, umeeleza vizuri. Mimi naishi Ujerumani na za Dobbertin nimezipitia sana, kwa sababu babu yetu alikuwa askari. Binti, chukua majengo, bandari, stesheni. Watu waache. Yule mama mwenye mzigo kichwani hakuna aliyemuuliza kama anataka kupigwa, na huenda wajukuu wake wako Tabora leo wanafanya kazi benki. Leseni haikukatazi, nakukataza mimi kama dada yako.

Halafu maelezo yaliyo chini ya picha usiyanakili. Bundesarchiv wenyewe wanaonya kwamba waliyabakiza kama yalivyoandikwa zamani, na huenda yana makosa au upendeleo. Mengine yanachefua.

mwanakaya alijibu:

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, kwa hiyo sitazunguka. Ukipekua makumbusho ya Marekani ipo siku utakutana na kigango. Kigango ni nguzo ya kumkumbuka mzee aliyefariki wa Gohu, chama chetu cha wazee, husimamishwa na hakihamishwi. Vingi viliibwa bomani usiku, vikauzwa kwa madalali, vikaishia kwa matajiri na baadaye kwenye makumbusho. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa familia iliyoibiwa 2007 baada ya kuonekana Marekani. Makumbusho ya Denver nayo yalikubali mwaka 2014 kurudisha 30.

Sasa niambie, picha ya kitu cha wizi ikipigwa alama ya CC0, aliyeiachia alikuwa na haki gani ya kuiachia? Wewe unaona michongo ya pembetatu inapendeza kwenye mkoba, mimi namuona mzee wa mtu. Kenya tuna Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni: kufanyia biashara sanaa ya jamii kunahitaji ridhaa ya jamii hiyo. Tovuti ya huko nje haiifuti.

kijana_mtwapa alijibu:

Hapo kwa vigango nimenyamaza.

binti_kibokoni aliandika:

Shukran sana nyote. Mwanakaya, vigango sikuwa na mpango navyo na sasa ndiyo sitavitazama kabisa. Leso nimeiacha. Mama Bremen, nimekusikia: stesheni ya Dar nitaichapa kama ilivyo, na maandishi yote ya leseni yatakaa kwenye bitana. Akiiga jirani, basi aige.

Twiga ndiye wa kwanza. Lebo itasema Gordon, Rijksmuseum, Amsterdam. Tatizo faili lake kubwa limeigandisha simu yangu, na anayenichapia anataka lije kwa WhatsApp.

chapakazi_dar alijibu:

Kwa WhatsApp mtume twiga kama dokumenti. Ukimtuma kama picha watamkamua, atafika kondoo. Au pakua saiba umtie kwenye flashi, umpelekee mchapaji mkononi pamoja na ukurasa wa leseni umeuchapa. Akiuona karatasini ataacha kugoma.