Filamu yao ikiisha wanaondoka. Nifanyeje?

Mtoto wa Ngamiani:
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri.

Mimi na wenzangu watatu hapa Tanga tuna usiku wa filamu fupi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kiingilio bure. Tunaonyesha kazi za vijana wa huku huku, dakika tano mpaka ishirini, filamu saba kwa usiku mmoja. Uwanja tumepewa na mzee mmoja Ngamiani, projekta ya kuazima, viti vya plastiki vile vya shughuli. Huu ni mwezi wa tano tangu tuanze.

Watu wanakuja, tena wengi. Shida ni kwamba kila mwenye filamu anakuja na ukoo wake. Filamu yake ikiisha wanapiga makofi, wanapiga picha mbele ya kitambaa, wanaondoka. Mwezi uliopita tulianza na watu kama themanini. Ya mwisho ilikuwa ya binti mmoja aliyetoka Muheza kwa daladala, yeye na mama yake. Tulibaki kumi na mmoja, wanne ni sisi waandaaji. Binti hakulalamika. Alichomoa flashi yake, akasema asante kaka. Ile asante inanisumbua mpaka leo.

Nawaza tuweke kiingilio cha buku ili watu waone thamani. Mnasemaje?

Kibanda Umiza:
Buku ya nini? Nimeendesha kibanda cha video miaka tisa, watu walikuwa wanalipa na bado wanatoka. Ulichokosea ni kubandika ratiba. Ukibandika ratiba umemwambia mtu saa ya kuondoka. Ifiche.

Halafu usimwite mwenye filamu mbele kila filamu inapoisha. Waite wote mwishoni. Shangazi hakuja kuangalia sinema, amekuja kumwona mwanawe ameshika maiki. Iweke maiki mwisho uone kama shangazi ataondoka.

Fundi Mitambo:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila filamu saba ni nyingi mno. Mnaanza saa ngapi?

Mtoto wa Ngamiani:
Saa kumi na mbili na nusu jioni, dada.

Fundi Mitambo:
Ndiyo maana! Saa hiyo mwanga bado upo, projekta ndogo inatoa vivuli tu, na nusu ya watu wako wanaitazama swala ya Magharibi. Anzeni saa mbili, Isha ikishapita. Filamu nne, saa nne kasoro watu wako njiani kurudi makwao.

Na sauti je? Mtu wa nyuma asiposikia haulizi, anaondoka. Filamu za vijana ndivyo zilivyo, moja imerekodiwa kwa simu inanong'ona, inayofuata inapasua masikio. Saa kumi jioni ziwekeni zote kwenye laptopu moja, msikilize kila moja dakika mbili, mwandike kwenye karatasi sauti iwekwe namba ngapi. Msicheze kutoka kwenye flashi, itagoma katikati. Spika moja iondoe chini ya kitambaa, ipeleke katikati ya watu.

Mpemba wa Bara:
Mmewahi kukaa Ngome Kongwe kule Unguja wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar? Zile ngazi za mawe, ukishakaa katikati kutoka ni kazi, uruke magoti ya watu kumi. Nawe njia ya kupita weka pembeni, katikati usiache. Na muuza kahawa na kashata akae ndani huko nyuma, asikae getini.

Karani wa Zamani:
Kibali mnacho? Bure si kinga, vijana. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na filamu ya kuonyeshwa hadharani inapitia Bodi ya Filamu kwanza. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na serikali ya mtaa ijue mapema habari ya kelele. Na hizo nyimbo za Bongo Fleva wanazozibandika kwenye filamu, wameomba ruhusa?

Mtoto wa Ngamiani:
Shikamoo mzee. Serikali ya mtaa wanajua, kwa afisa utamaduni naenda Jumatatu. Za nyimbo... hapo umetukamata.

Buku nimeiacha. Filamu nne, saa mbili, ratiba inafichwa. Ila nimempigia binti wa Muheza kumwomba ailete tena filamu yake, amekubali kwa sharti moja, iwe ya kwanza. Mwezi ule walikosa gari la kurudi, wakalala kwa ndugu. Kwa hiyo safari hii atakayeondoka mapema ni yeye mwenyewe.

Kibanda Umiza:
Huyo mpe maiki mwanzoni. Huyo peke yake. Na bodaboda wa kumwahisha stendi mlipieni ninyi.