Baga isiyo nyama Malindi: niagize za kiwandani au nijifinyangie mwenyewe?

KaraiLaBarazani

Salaam aleikum ndugu zangu. Nina kibanda cha chipsi, kuku na baga hapa Malindi, mwaka wa tano sasa. Wateja wangu ni mchanganyiko: vijana wa bodaboda, wafanyakazi wa maduka, na msimu ukifika Wataliano na Waingereza waliochoshwa na chakula cha hoteli.

Desemba walikuja sita. Watano walishakaa na soda wameshika. Wa sita, mama mmoja wa makamo, akauliza kama nina baga isiyo na nyama. Nikamwambia kuna chipsi na kachumbari. Akatabasamu, wakasemezana Kitaliano, wakalipa soda, wakainuka wote. Nami nilikuwa nimeshawasha jiko la pili.

Siku tatu baadaye nikanunua zile soya za vipande, nikazikaanga, nikazibana kwenye mkate. Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa. Aliuma mara moja akaniuliza, "Hii umekaanga wapi?" Nikamwonyesha karai. Mlikuwa mnaelea soseji mbili. Akaiweka chini taratibu, akalipa, akaenda zake. Bora angenitukana.

Sasa kuna muuzaji wa vyakula vya friza huko Mombasa anataka kuniletea baga za mimea kutoka ng'ambo. Bei ya kipande kimoja kitupu inapita bei ninayouzia baga ya ng'ombe pamoja na chipsi zake. Na umeme ukikatika wikendi nzima, hasara ni yangu. Nikifinyanga mwenyewe zinavunjika, na ladha ni ya maharage yaliyolala. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

BiKatlesi

Mwanangu, soya hukuikamua. Najua ulivyofanya bila kuwepo: maji ya moto, dakika tano, ukachuja, ukatia karaini. Ile harufu ya maharage hutoka na maji. Iroweke kwa maji yaliyochemka yenye chumvi mpaka ukikibonyeza kipande usikute kiini kigumu. Kamua kwa kitambaa kama unavyokamua nazi, mwaga maji, roweka tena, kamua tena. Yakibaki maji ndani, yakipata moto yanageuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea, ndipo baga yako inapasuka.

Kisha isage, lakini si laini kama uji, acha iwe na chembe jino lipate kazi. Tia thomu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, dania, ndimu, na kitunguu ulichokikaanga mbele mpaka kikawa cha kahawia. Hicho kitunguu usikiruke, ndicho kinacholeta ladha ya nyama. Kishikizo ni kiazi cha kuponda na unga wa dengu uliokaangwa mkavu. Yai usitie, wako wasiokula. Ukimaliza kufinyanga, ziweke kwenye friji saa nzima. Kaanga kwa tawa na mafuta kidogo, na ukiiweka usiiguse mpaka ijiachie yenyewe. Nyie vijana mna mikono isiyotulia, mnageuza geuza kama mnatafuta kitu chini yake.

KaraiLaBarazani

Bi, umenikamata. Dakika tano kweli.

MpishiWaShela

Kaka, mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni huku Lamu. Kwa nini uhangaike na kitu kinachojifanya nyama? Wengi wa wageni hao nyama waliiacha kwa hiari yao, hawaililii. Kunde ziko sokoni kwenu. Roweka usiku kucha, toa maganda, saga zikiwa mbichi. Usichemshe hata kidogo, ukichemsha hazitashikana. Ni bajia zile zile za jioni, ila zibonyeze ziwe bapa, upana wa mkate, katikati nyembamba kidogo ili ziive sawasawa. Juu pakaza ukwaju, tia achari ya embe na kabichi ya kukatwa nyuzi. Nina mgeni anayerudi kila mwaka, hajashusha begi ameshaniuliza kama kunde zimerowekwa.

Na fenesi umelisahau. Lile bichi kabisa, halijaanza hata kunukia. Paka mikono na kisu mafuta kwanza, la sivyo ule ulimbo utakesha nao. Lichemshe, lichambue kwa vidole litoke nyuzi nyuzi, kisha lipike rojo ya nyanya na pilipili. Mtu akiling'ata anadhani ni kuku aliyechambuliwa. Ila halishibishi kama kunde, sema ukweli kwa mteja.

HesabuKwanza

Mimi nitakuwa mbaya hapa. Wenyewe waliolianzisha jambo hili wamekwama. Mwaka 2019 kila mtu alikuwa anaimba nyama ya mimea. KFC walijaribu kuku wa mimea kwenye duka moja Atlanta mwezi Agosti, akaisha chini ya saa tano. Burger King wakaanza na Impossible Whopper, baga yao yenye nyama ya mimea ya kampuni ya Impossible, St. Louis mwezi Aprili, kufika Agosti iko Marekani nzima. Beyond Meat, watengenezaji wengine wa nyama ya mimea, hisa zao zikaingia sokoni Mei kwa dola 25, siku hiyo hiyo zikafunga juu ya 65. Halafu? McDonald's walijaribu McPlant, baga yao ya mimea, Marekani, mwaka 2022 wakaifikisha mikahawa kama 600 ya maeneo ya San Francisco na Dallas, wakaishia hapo. Na hisa za Beyond zilianguka vibaya. Kama kampuni zenye mabilioni hazikuweza kuwashawishi Wamarekani, wewe na karai lako utamshawishi nani? Huyo muuzaji wa Mombasa anatafuta wa kumbebea mzigo.

MwanaMalindiUghaibuni

HesabuKwanza una haki kwa Marekani, lakini hapa Uingereza McPlant iliendelea kuuzwa hata baada ya jaribio la huko kuisha. Waliipikia mbali na nyama, kwa vyombo vyake. Hilo kaka yangu lishike, kwa sababu Burger King wa hapa waliteleza pale pale ulipoteleza wewe. Januari 2020 walileta Rebel Whopper ya soya. Wakaitangaza kwa kijani na maneno ya mimea, lakini ilichomwa pamoja na nyama na kupakwa mayonezi ya mayai. Aprili mamlaka ya kusimamia matangazo ikayapiga marufuku matangazo yale, ikasema yanampotosha mtu anayedhani baga ile inafaa kwa asiyekula nyama. Kwa hiyo soseji zako mbili zina ndugu wakubwa.

Kuhusu zile za kiwandani, ukifinyanga nyumbani usitarajie kuzifikia, usijilaumu. Impossible wanatia hemu, ile chembe yenye chuma inayoipa damu wekundu na nyama ladha yake, wao wanaizalisha kwa hamira. Beyond wanatumia protini ya njegere na rangi ya bitiruti. Mafuta ya nazi yametumika sana kwenye baga hizo ili ziteme mafuta zikichomwa. Na kishikizo chao hufanya kinyume cha mambo yetu: kikipata moto kinaganda, kikipoa kinalegea. Huna haja nayo. Mafuta ya nazi lakini unayo mlangoni! Yagandishe, yapare vipande vidogo, changanya na ile soya ya Bi mwisho kabisa kabla ya kufinyanga.

SabatoNjema

Mbona mnazungumza kama wasiokula nyama ni wazungu peke yao? Mimi ni Msabato, kwetu nyama hailiwi tangu mama yangu hajaolewa. Tuko Malindi hapa hapa, na Jumamosi jioni tukitoka kanisani tuna njaa kama wengine. Wahindu ndio hao mmoja amekukimbia. Wakatoliki nao Kwaresima ikifika, Ijumaa hawagusi nyama. Watano walikuwa wanakula nyama siku ile, ukawapoteza kwa ajili ya mmoja. Nyumbani kwangu pia ndivyo: tunakwenda anakotaka mgumu kuliko wote.

MlaMbuziKuchoma

Baga bila nyama ni mkate na kachumbari uliokosa wazazi. Nimepita tu.

BiKatlesi

Pita salama mwanangu, mlango uko nyuma yako.

HesabuKwanza

Sabato, nimekubali nusu. Kama ni wateja wa mtaani basi za ng'ambo zitupilie mbali kabisa, hawatalipa bei ile. Afanye ya kunde na ya soya, bei chini ya ile ya ng'ombe kwa shilingi hamsini, apike kumi tu kwa siku, ahesabu wiki nne. Zikibaki kila siku, aache.

KaraiLaBarazani

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki mbili na kitu.

Friza ya Mombasa nimeikataa. Nilinunua karai dogo, nikalifunga uzi wa kijani kwenye mpini ili yule kijana wangu wa kazi asisahau. Siku ya pili alisahau, akatia viazi vilivyotoka kwenye mafuta ya kuku. Nikamwaga mafuta yote mbele yake, hajasahau tena. Koleo pia nimetenga.

Soya ya Bi imeshikana kuanzia jaribio la tatu. Mafuta ya nazi yaliyeyuka mikononi kabla sijamaliza kufinyanga, joto la hapa si la Uingereza, kwa hiyo sasa nafanya alfajiri. Lakini inayokwenda ni ya kunde. Napika kumi, Jumamosi nimeongeza zikawa ishirini na mbili, na walionunua wengi ni watu wa hapa. Mmoja wa bodaboda hajui hata kwamba haina nyama, anaiita "ile ya ukwaju". Ubaoni nimeandika "Baga ya kunde", neno nyama sikulitia. Chini yake nikaandika: karai lake peke yake, haina yai.

Kijana wa Kihindi alipita jana. Alisoma ubao, akaomba aone karai kwanza. Nikamwonyesha. Akaagiza mbili, moja ya kubeba.

Swali limebaki moja, MpishiWaShela: maganda ya kunde mnayatoaje upesi? Nakesha.

MpishiWaShela

Zipondeponde kavu kidogo kabla ya kuroweka, zipasuke tu. Ukizitia maji maganda yanaelea, unayamwaga. Mtoto wa kukusaidia sina.