Ukoo wa Kuze – Safari ya India

IJUMAA

Shangazi Rukia amebadilisha jina la kikundi kutoka "Ukoo wa Kuze" kuwa "Ukoo wa Kuze – Safari ya India"

[06:41] Shangazi Rukia: Asalaam aleikum nyote. Ijumaa Mubarak. Jana nimeongea na yule bwana wa safari mpaka saa nne usiku, mambo yameiva. Someni mpaka mwisho, msirukeruke kama kawaida yenu.

[06:44] Shangazi Rukia: Siku tisa. Mwisho wa Julai kuingia Agosti, watoto wamefunga shule. Twashuka Delhi, treni mpaka Haridwar, kisha Rishikesh, Dehradun tumuone Bakari wetu, Mussoorie, halafu Dharamshala kwa Dalai Lama. Kila mji kuna mtu wa kutueleza. Mahekalu, mto Ganga, yoga alfajiri, watawa. Kujua mila za watu na kutuliza roho.

[06:45] Shangazi Rukia: Elfu kumi kila mtu ya kushika nafasi. Mwisho JUMATATU. M-Pesa kwangu, namba mwaijua.

[06:45] Shangazi Rukia: Aliyetuma ajiandike.
1. Rukia
2.
3.

[09:30] Shangazi Rukia: Naona tiki za buluu tu.

[09:52] Fuad: Waaleikum salaam Shangazi. Yoga ni lazima? Mgongo wangu ulikwenda na lile kochi la Zuhura

[09:53] Zuhura: Kochi langu muliache

[09:55] Ami Salim: Chakula?

[09:56] Shangazi Rukia: Kimo ndani ya bei Salim.

[09:56] Ami Salim: Chakula GANI

[10:20] Bakari Dehradun: Ami, Haridwar na Rishikesh hakuna nyama. Wala yai. Wala pombe. Ni amri ya mji, si mpishi amependa. Dengu, paneer (jibini lao), paratha (chapati) ya viazi asubuhi

[10:21] Ami Salim: Innalillahi

[10:22] Fuad: 😂😂 siku ya tatu Ami Salim tutamtafuta msituni anafukuza kulungu

[10:24] Bakari Dehradun: Msitu wa pale ni Rajaji, una ndovu na chui milia. Kulungu wana wenyewe

[10:31] Bakari Dehradun: Lakini Shangazi, nisikize kidogo kabla watu hawajatuma pesa. Julai na Agosti huku ni mvua. Si mvua ya Mombasa ya kunyesha na kuacha. Milima yaporomoka, barabara ya Mussoorie yaweza kufungwa hata gari likiwa katikati. Mwaka 2013 mafuriko ya Kedarnath yalikuwa Juni, mvua ndiyo kwanza imeanza, wakafa maelfu. Na tena miezi hiyo ndiyo ya Kanwar, mahujaji wa Shiva waja Haridwar kwa miguu, mamilioni, kuchota maji ya Ganga na kuyabeba begani mpaka kwao. Barabara ya kutoka Delhi hubanwa kwa ajili yao. Tutalala njiani

[10:33] Fuad: Bakari leo yuwajua mvua. Mbona Idi alisema hajui hata nauli ya kuja nyumbani

[10:33] Mwanaisha: 😂😂😂

[10:34] Fuad: Idi mbili

[10:40] Mjomba Kassim: Rishikesh. Si ndiko walikokwenda Beatles 1968?

[10:43] Bakari Dehradun: Ndiko mjomba. Ule ashram, makao ya Maharishi mwalimu wao, ni magofu sasa, umo ndani ya hifadhi ya Rajaji. Waingia kwa tiketi, kuta zimejaa michoro

[10:44] Mjomba Kassim: Basi mimi nimo.

[10:44] Shangazi Rukia: MASHALLAH. 2. Kassim. Mwaona? Tuma basi kaka.

[10:45] Mjomba Kassim: Nikitoka msikitini.

[13:58] Zuhura: Jamani, la maana. Kutoka Kenya kuingia India wataka kadi ya homa ya manjano. Chanjo ipite siku 10 kabla ya kufika, la sivyo mtu awekwa karantini. Ukishachanjwa ni ya maisha, kwa hivyo mtafute kadi zenu za zamani. Na waliopita miaka 60 WASICHANJWE kabla ya kumuona daktari. Naomba kila mmoja anijibu kama anayo

[14:10] Mwanaisha: [Imesambazwa mara nyingi] Chemsha kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, unywe siku 3, homa zote hukukimbia. Tuma kwa watu 10 uwapendao

[14:11] Zuhura: Mwanaisha.

[14:11] Mwanaisha: Nasaidia tu

[14:15] Fuad: Mimi kadi yangu imo kwenye lile friji

[14:15] Shangazi Rukia: Fuad usianze.

[16:20] Mjomba Twalib: Nimesoma. Sijasema kitu asubuhi kwa sababu ni Ijumaa. Mimi nauliza: sisi watu wa Kuze, tuliosomeshwa juzuu kabla ya kunyoa ndevu, twalipa pesa kwenda kukaa mbele ya moto wa Mabaniani na kusema twatuliza roho. Roho ya nani?

[16:22] Shangazi Rukia: Ni kutazama tu Twalib. Hakuna anayekwenda kuabudu.

[16:24] Bakari Dehradun: Mjomba hilo lina maana hata upande wao. Pale Har Ki Pauri ya Haridwar, tangu zama za Mwingereza kuna kanuni ya manispaa kuwazuia wasiokuwa wa dini yao kwenye ghati lenyewe, zile ngazi za mtoni. Huyo mwenye safari amewaeleza? Rishikesh ni afadhali, kwenye ashram ya Parmarth Niketan, jua likizama wageni hukaa ngazini pamoja na wenyeji, hawafukuzwi

[16:25] Shangazi Rukia: Amesema aarti ya Haridwar, ile ibada ya moto, imo. Ameandika.

[16:27] Bakari Dehradun: Nitumie karatasi yake Shangazi

[16:30] Shangazi Rukia: [Picha]

[16:41] Bakari Dehradun: Shangazi. Siku ya tatu ameandika "kuvuka Lakshman Jhula". Daraja hilo la 1929 lilifungwa mwaka 2020, watu huvukia Ram Jhula. Na siku ya saba ameandika Mussoorie asubuhi, Dharamshala jioni. Dharamshala ni jimbo jingine, Himachal. Ni zaidi ya kilomita 400 za kona tupu, mtu hulala kwenye basi. Huyu bwana amefika huku kweli?

[16:42] Fuad: Amefika kwa kalamu

[16:44] Bakari Dehradun: Na kama ni Watibeti mnaotaka, Mussoorie wako pale Happy Valley. Dalai Lama mwenyewe alipotoroka 1959 alikaa Mussoorie kwanza, 1960 ndipo akahamia Dharamshala. Hapa Dehradun, Clement Town, kuna watawa na ule mnara wao mkubwa. Teksi na kurudi

[16:50] Shangazi Rukia: Bakari mwanangu ahsante, lakini mtu akipanga kitu katika ukoo huu hamkosi kasoro. Apange mwingine basi. Nimechoka kubeba watu.

[16:51] Mwanaisha: Shangazi usikasirike 🙏

[16:51] Shangazi Rukia: Sikukasirika.

[21:37] Sharifa Muscat: Asalaam aleikum. Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma zote. Suali moja. Kabla ya elfu kumi za India, zile za Lamu ziko wapi?

[21:38] Fuad: 🍿

[21:38] Zuhura: Fuad futa hiyo

[21:44] Shangazi Rukia: Sharifa, mambo ya Lamu kila mtu ayajua yalivyokuwa. Mwenye boti ndiye aliyetugeuka, si mimi.

[21:46] Sharifa Muscat: Mwenye boti alilipwa ya watu sita. Tulituma watu kumi na moja.

[21:46] Ami Salim: Sharifa, haya si ya hapa.

[21:47] Sharifa Muscat: Ya wapi Ami? Maulidi mbili zimepita nauliza faraghani sijibiwi. Mama aliuza cherehani.

[21:52] Shangazi Rukia: Ujumbe huu umefutwa

[21:53] Shangazi Rukia: Ujumbe huu umefutwa

[21:55] Mjomba Twalib: Laa haula wala quwwata.

[22:10] Mjomba Kassim: Bakari, hiyo tiketi ya Beatles ni rupia ngapi?

JUMAMOSI

[08:15] Shangazi Rukia: Sabalkheri. Leo ni Jumamosi. Zimebaki siku mbili.

[11:03] Zuhura: Niko kwa Bibi. Amenitaka nimsomee yote tangu jana. Nimesoma. Ametuma ujumbe wa sauti, simu yake haikupeleka, naandika kama alivyosema, neno kwa neno

[11:12] Zuhura: "Asalaam aleikum wanangu. Nimesikia. Kwanza, Rukia. Sharifa si mtoto wa kunyamazishwa. Mwenye kudai na adai. Hesabu ya Lamu niletee mimi, mkononi, si kwa simu. Sikuuliza zamani kwa kuwa nilidhani mna haya, mtamalizana. Pili, Twalib. Kuingia nyumba ya mwenzio hakukuvui dini. Lakini huendi kumkodolea macho mtu aombaye Mungu wake huku watafuna njugu na kupiga picha. Mkienda, mwende na adabu zenu. Mkikosa adabu, kaeni nyumbani. Tatu. Mimi milima siitaki, magoti yangu mwayajua. Marehemu mamake Nasrin wa ghorofani, miaka ile twachota maji bomba moja, kila Alhamisi akinisimulia Kaliyar, kwenye kaburi la Sabir. Nikamwambia ipo siku tutakwenda. Yeye keshatangulia. Kama huko mwendako ni karibu na hapo, nipitisheni. Kama si karibu, msijisumbue. Nimemaliza."

[13:40] Ami Salim: Tumesikia Mama.

[13:41] Fuad: Tumesikia Bibi.

[14:05] Mjomba Twalib: Nimesikia Bi Mkubwa. Allah akuweke.

[14:30] Bakari Dehradun: Mwambieni Bibi ni karibu. Piran Kaliyar iko wilaya hiyohiyo ya Haridwar, nje kidogo ya mji wa Roorkee, na treni ya kutoka Delhi yapita Roorkee kabla haijafika Haridwar. Hakuna mlima hata mmoja. Nimekwenda na wenzangu wa chuo Alhamisi moja, qawwali, zile kasida zao, mpaka usiku, Waislamu na Wahindu foleni moja, kila mtu na kitambaa chake na waridi. Huyo Sabir ni Alauddin Sabir, mtoto wa dadake walii Baba Farid, wa tariqa ya Chishti, alifariki 1291. Wasimulia kwamba mjomba wake alimpa kazi ya kugawa chakula cha maskini, akagawa miaka kumi na mbili yeye mwenyewe hali kwa sababu hakuambiwa ale. Ndiyo akaitwa Sabir, mwenye subira

[14:31] Ami Salim: Miaka kumi na mbili.

[14:32] Fuad: Ami na wewe siku tatu za dengu zakushinda

[14:36] Mwanaisha: Bakari, hauli yake ni lini? Tungempeleka Bibi siku yenyewe

[14:40] Bakari Dehradun: Mfungo sita. Lakini miaka hii mfungo sita waangukia Agosti, mvua bado, na watu ni wengi hawasemeki. Bibi hatakiwi kusukumwa. Novemba ni kukavu, baridi ya shuka moja, milima yaonekana mpaka theluji

[14:41] Zuhura: Novemba watoto pia wamefunga. Na Bibi kwanza daktari, ile chanjo. HAKUNA ALIYENIJIBU KUHUSU KADI

[14:50] Mwanaisha: Ninayo

[14:58] Mjomba Kassim: Kadi ipi?

[22:26] Shangazi Rukia: Mama nimesikia. Nitakuja kesho baada ya alasiri na daftari.

JUMAPILI

[10:02] Shangazi Rukia: Asalaam aleikum. Basi ni Novemba. Kaliyar, Haridwar, Rishikesh, Dehradun, na Mussoorie kwa wenye magoti. Dharamshala tumeiacha. Bakari atafute gari na dereva huko. Jiandikeni upya.
1. Mama
2. Rukia
3. Zuhura

[10:09] Mjomba Kassim: 4. Kassim (nikipata zile za mpangaji)

[10:15] Sharifa Muscat: Na yule mwenye safari? Alishapewa kitu?

[10:48] Shangazi Rukia: Nilimpa kidogo tu ya kushika.

[10:48] Sharifa Muscat: Kidogo kiasi gani Shangazi?

[11:30] Mwanaisha: Bakari huko Mussoorie kuna shali nzuri?

[11:31] Bakari Dehradun: Ziko. Jamani, dereva niliyempata ataka kujua leo. Gari la watu saba au la kumi na mbili?

[13:15] Bakari Dehradun: ?

[16:40] Fuad: Shangazi ameingia kwa Bibi na daftari. Mlango wafungwa

[16:41] Zuhura: Fuad toka hapo barazani

[18:55] Bakari Dehradun: Saba au kumi na mbili? Asema akikosa jibu amchukua mtu mwingine

[20:17] Ami Salim: Niko Voi, mtandao wa shida. Niandikeni mimi, lakini sijatuma. Na hapo Roorkee, nyama iko?